Kuku wa Limau kwa Baba Mkwe

Kidari cha kuku wa kisasa hakihitaji zaidi ya dakika kumi na tano, ukikikata vipande vyembamba. Kipake chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu. Kikaangio kipate moto sawasawa, weka nyama, kisha acha kuigusagusa. Majirani zangu wa Soweto, hapa Mbeya, hilo la mwisho linawashinda. Mkono unawawasha, wanageuza, wanageuza tena, nyama inatoa maji na kuishia kuchemka.

Siku ile nilikuwa na haraka. Baba mkwe, tuliyemleta kutoka Tukuyu kwa matibabu, alikuwa na siku ya tatu hajala. Asubuhi wifi yangu alitoka chumbani kwa baba yake uso umechangamka.

"Wifi, baba anataka kuku! Ila awe na uchachu, anasema dawa zimemtia uchungu mdomoni. Nakimbia hospitali kuchukua dawa zake, saa saba niko hapa. We pika, nije nimlishe."

Kumlisha ilikuwa kazi yake, si yangu. Mume wangu ni Mnyakyusa, na kwa Wanyakyusa wa umri wa baba yake, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawapishani njiani. Ukisikia anakohoa, unajificha. Mimi ni Mhehe wa Iringa, na nilipoolewa nilicheka, nikasema mila hii sitamaliza nayo wiki. Nilimaliza nayo miaka tisa. Mzee yule nilimfahamu kwa kikohozi chake tu, na miezi miwili aliyolala nyumbani kwangu nilimpikia kila siku bila kuijua sura yake.

Nyama ilipopata rangi nikaitoa. Kwenye mafuta yaleyale nikakamulia malimau mawili, nikaongeza nyanya iliyosagwa, maji kidogo na kijiko cha asali, huku nakwangua yale yaliyogandia chini, maana utamu wote uko pale. Nikairudisha nyama, harufu ikajaa nyumba nzima.

"Mwanangu, tayari?" mzee akauliza kutoka chumbani. Alidhani ni binti yake. Sauti yake ilikuwa na njaa kabisa, na mimi nilifurahi mpaka nikataka kulia. Sikumjibu. Mke wa mwana hajibu.

Saa saba ikapita. Nikampigia wifi.

"Foleni haisogei, wifi yangu. Mwombe hata jirani amwingizie."

Jirani alikuwa shambani. Mume wangu alikuwa Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, hurudi mwisho wa mwezi. Mchuzi ulikuwa unapoa.

Mwishowe nikajifunika kitenge gubigubi, nikaingia macho sakafuni, nikaweka sahani kwenye stuli karibu na kitanda. Nikasikia blanketi likivutwa. Mzee alikuwa anajifunika uso ili kunipa heshima yangu. Nikatoka upesi, nikijiona nimefanya jambo la maana.

Wifi alirudi saa kumi. Nilisimama nyuma ya mlango, nikawasikia.

"Baba, mbona hukugusa chakula?"

"Sikuweza kuketi, mwanangu. Nilitaka kumwita aninyanyue, nikaona nitamwaibisha. Kuku alinukia sana."

Wifi akamwinua, akamsogezea kijiko. Mzee akageuza uso. Hamu ilikuwa imekwisha, na hakuomba tena chakula chochote. Tulimzika wiki iliyofuata.

Watu wananiambia ni mila, si kosa la mtu. Ndugu wa mume wangu walinisifu hata msibani, kwamba mimi, mtu wa kuja, nimemheshimu mzee mpaka mwisho. Niliitikia asante, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yangu, nikajichukia. Nilikwisha kuweka sahani chini. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mitupu, naye alikuwa hatua moja kutoka kwangu, amebaki mifupa. Ningemnyanyua kwa mkono mmoja.