Kikombe cha Bibi wa Udongo

Juzi, rafiki yangu, niliingia duka la vitu vya kale huko Cheektowaga, kando ya mji wetu wa Buffalo, kukwepa baridi tu, nikakutana na kikombe ninachokijua. Kimefungiwa kabatini, na kikaratasi kimesimamishwa mbele yake: "Japani, cha zamani, kazi ya mkono. Mfinyanzi hajulikani." Damu ikanichemka. Hajulikani na nani?

Tulipohamia Buffalo, Marekani, kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, nikiwa mtoto, jirani yetu alikuwa bibi wa Kijapani aliyefinyanga vyombo katika gereji yake. Nilimwita Bibi wa Udongo, naye akaitika. Kikombe hicho alikifinyanga usichanani, huko kwao. Karibu na kitako aliacha alama ya dole gumba kwa makusudi, na dole langu lilitoshea humo barabara. Gereji ilinukia kama njia ya kisimani baada ya mvua. Nilimkandia udongo hadi kope zikawa za kijivu.

Bibi yangu hakukielewa. Kikombe gani hakina mkono? Na chai yake ya maziwa na tangawizi lazima itokote! "Maskini, hakukimaliza," alisema, akachukua sindano, akakifumia koti la uzi mwekundu lenye mkono wake kabisa. Bibi wa Udongo alicheka hadi akakaa chini, na hakukitumia tena bila koti. Kila Jumapili baada ya kanisa walikunywa pamoja, hawana hata lugha moja ya kuelewana, na soga haziishi.

Bibi wa Udongo alipofariki, mpwa wake alikuja na lori. Tanuri likaenda kwenye vyuma chakavu, udongo ukatupwa jaani. Siku hizi gereji ile inalaza gari. Bibi yangu aliomba kikombe kile tu. Yule bwana alikivua koti, akampa koti, akaondoka na kikombe. Hadi leo natamani kumzaba kibao.

Kukinunua nilikinunua, maana koti bado linaning'inia jikoni kwa Bibi. Lakini kikaratasi kile sikukikubali. Nikamwambia muuzaji aandike kingine, mfinyanzi anajulikana vizuri sana. Akashika kalamu.

"Jina lake?"

Sikuwahi kulijua. Kwetu mtoto hamwiti mzee kwa jina. Nikampigia Bibi simu palepale.

"Jina la nini tena? Mimi nilimwita dada," akasema.

Nikamgeukia muuzaji. "Andika Bibi wa Udongo."

"Hilo si jina."

"Ndilo alilokuwa akiitikia," nikamwambia. "Andika."