Kidevu cha Rubani wa Panda

Siku yangu ya kwanza kwenye studio ya picha, hapa Likasi, Patron, mwenye studio, hakunionyesha kamera. Alinikalisha mbele ya picha ya zamani iliyotundikwa ukutani: marubani wa ndege za kivita, vijana tupu, wamesimama kando ya ndege yao na makoti mafupi ya ngozi yenye kola za manyoya. Mzungu mmoja aliileta ikuzwe, hakurudi tena kuichukua.

"Angaria muzuri," Patron akasema, akigusa koti la mmoja wao. "Ngozi ya manto, makunyanzi yake unaacha. Ngozi ya muntu, unapunguza kiloko. Ukimaliza yote, mama yake hatamujua."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya retushi, kusafisha sura kwa mkono kabla picha haijatolewa. Kwenye negatifu, ile filamu yenyewe, kila kitu kimegeuka, cheupe ni cheusi. Kunyanzi usilolitaka unalijaza kwa penseli iliyochongwa hadi ikachoma. Penye weupe uliozidi unakwangua kwa wembe. Nilikuwa msichana mwenye papara, nikavunja ncha mpaka Patron akaniuliza kama nilitumwa na muuza penseli.

Picha ile ilituletea wateja. Patron alimpa fundi viatu wa Kambove kazi ya kushona koti kama lile, kola ya ngozi ya kondoo, na Jumapili wanaume wa kiwandani Panda walipanga foleni walivae. Mtu aliyeingia mabega yameshuka kwa uchovu wa wiki nzima alisimama mbele ya kamera kifua mbele. Niliwapenda hivyo, nasema wazi.

Akaja Dieudonné, fundi umeme, mcheshi kupita kiasi. Aliinua kola mpaka ikameza kidevu, akakataa kuishusha. "Huku juu baridi iko mingi!" akasema, sote tukacheka. Miezi michache baadaye alifariki kwa homa. Hakuwa na picha nyingine.

Mjane wake, Mama Régine, alikuja na binti yao mchanga mgongoni na suti ya marehemu mkononi. Kwetu picha ya marehemu hutangulia jeneza, na shemeji yake mkubwa alikataa katakata: hawezi kutembea nyuma ya ndugu yake aliyevaa kama rubani, kanisa zima licheke. Picha ivae suti, la sivyo haitoki. Na Mama Régine alitaka watu wauone uso wa mumewe kwa mara ya mwisho.

Wakati huo Patron alikwisha kuniachia meza ya retushi. Nikaanza kulifunika koti kwa rangi, suti ikakaa vizuri. Nilipofika kwenye kola nikaduwaa. Chini ya yale manyoya hapakuwa na kidevu.

"Mama, kidevu yake ilikuwa namna gani?"

Akajaribu kuchora hewani, akashusha kidole. "Miye nilikuwa namuangaria kila siku," akasema. "Sasa nikitafuta, haiko." Akalia, nami nikalia naye, brashi mkononi.

Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akamkalisha juu ya meza yangu, katikati ya rangi. "Angaria uyu. Ni ileile. Baba yake alikuwa anajivunia nayo."

Nilichora nikimtazama yule mtoto, nikakikomaza kidevu polepole, nikakiongezea kivuli cha ndevu. Mama Régine alipoiona picha aliikumbatia kabla rangi haijakauka. Shemeji mwenyewe ndiye aliyeibeba mbele ya jeneza.

Leo nimestaafu. Simu zinafuta makunyanzi zenyewe, tena yote, na vijana wanatoka wamefanana kama sahani za seti moja. Sina ugomvi nazo. Macho yangu yamechoka. Ninachokikosa ni nyuso za watu. Niliziangalia kwa karibu mno, nikaishia kuwapenda wenyewe bila kuwaomba ruhusa.

Juzi binti yule, sasa mwalimu huko Mulungwishi, alinitembelea na picha ya baba yake. Mama Régine hayupo tena duniani.

"Mama, baba sikumujua," akasema. "Lakini batu bote banasema kidevu njo nilimurithi. Ni kweli, ao banataka tu kunifurahisha?"

Nikamwomba asogee penye mwanga. Nikamshika kidevu, nikakigeuza kushoto, nikakigeuza kulia, machozi yakanitoka.

"Ni kweli, mutoto wangu," nikamwambia. "Ni yake kabisa."