Fimbo ya Mzee Bura

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Nambis. Nilirudi kutoka semina nikiringia nadharia ya hulka tano za binadamu, nikaitumia kutunga igizo la mzee Bura, mwenye fimbo: hataki jambo jipya, hapendi watu, na ukimpa shikamoo anaguna tu. Walioniuliza Bura ni nani niliwaapia, "Huyu hayupo duniani. Nimemtoa kwenye nadharia!"

Siku ya mahafali, igizo lilipochezwa, baba mkwe wangu alikaa mbele, akacheka hadi machozi. Nikapumua: kumbe hajajitambua! Kisha akaombwa aseme neno mbele ya wazazi.

"Mkwe wangu ana kipaji," alisema. "Huyo Bura simfahamu kabisa. Ila fimbo aliyoshika ni yangu. Naitafuta tangu Pasaka."