Darasa la Kwenye Cherehani

Kila asubuhi saa nne kamili, fundi cherehani wa kona huegemeza simu kwenye kopo la vifungo, huvaa miwani na kuingia darasa la hesabu bila kunyanyuka kitini. Mwalimu yuko mji mwingine, wenzake kila mmoja kwake, lakini mama huyu huitikia salamu kwa sauti, na akiwa na swali hunyoosha mkono, ingawa kamera ameizima ili bando lisiishe. Mteja akiingia huonyeshwa benchi: "Kaa hapo, mwanangu, tuko kwenye hesabu za sehemu."

Siku ya mtihani wa mdomo, zamu yake ilipofika, miguu inayokanyaga cherehani kutwa iliacha kukanyaga.

"Mama, tatu gawanya kwa robo tatu."

Akavuta utepe wa kupimia shingoni.

"Mama, upo?"

"Nipo, mwalimu. Hiyo tatu ni mita za kitambaa?"

"Kitambaa? Haya, iwe kitambaa."

"Basi ni sketi nne za watoto," akajibu papo hapo, "na hakibaki hata kipande."

Mwalimu alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Nne! Umepata, mama."

Mama akavuta kiti mbele. "Nipe jingine."