Siku Niliyopewa Pole ya Mimba Nisiyokuwa Nayo

Jamani, haya nimekaa nayo miaka bila kumsimulia mtu kwa aibu, na hata sasa uso wangu ungekuwa unakunjika mngeona ninavyoukunja.

Mnaijua ngozi yangu hii. Ilianza vidoleni, ikakakamaa, ikapanda mikononi hadi usoni, mpaka kupiga mwayo ikawa kazi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mimi mjane wa watoto wanne, nauza mitumba pale Segera, na nyumbani kila aliyeuliza nilimwambia ni sabuni ya kufulia. Daktari mmoja wa Korogwe akataka nikapige altrasaundi ya mikono, aone ngozi imenenepa kiasi gani, ili nikishatumia dawa apime tena alinganishe.

Nikaenda. Benchi zima wajawazito. Nilikuwa nimechoka (usingizi sikuupata kwa maumivu ya vidole), nikaona niifiche mikono ndani ya kanga, pale tumboni, watu wasinikodolee macho. Mama mmoja wa Mazinde, tunayeonana naye Segera akiuza nyanya, akaniuliza, "Wa ngapi, mwenzangu?"

Nikadhani anauliza foleni. "Wa tano."

"Hongera!"

Nikashangaa mtu anapongezwa kwa kuwa wa tano, lakini kwa uchovu nikaitikia tu, "Ahsante."

Ndani, mpimaji hakuitazama karatasi ya daktari, akaniambia nilale nipandishe gauni, nami nikatii (nijuaje, labda ngozi huanza kupimwa tumboni?), akanipaka ile dawa ya baridi inayoteleza, akapitisha kidude chake huku na huku, halafu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na jenereta, akasema, "Mama, mbona humu hamna mtoto?"

Kati yetu na benchi palikuwa na pazia tu.

Nikamwambia nimeletwa na mikono. Akasoma karatasi, akaomba radhi (hiyo sasa kwa kunong'ona), akaipima mikono vizuri. Natoka, wanawake wote wamesimama, yule wa Mazinde analia. "Pole, mwenzangu, Mungu atakupa mwingine." Nikifungua mdomo nieleze, na mdomo wenyewe haufunguki sawasawa, wananikumbatia: "Usiseme kitu, pumzika."

Yule wa Mazinde akapata gari kabla yangu, habari ikanitangulia. Nafika Segera, wenzangu wamenifunikia meza, na shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliyekuwa ameleta mahindi kutoka Kwaluguru, amesimama njiani.

"Shemeji, kaka yangu ana miaka mitatu kaburini. Hiyo mimba ilikuwa ya nani?"

Mbele ya watu wote wale. Sikuwa na nguvu hata ya kukasirika. Nikatoa mikono kwenye kanga. "Shika."

Akashika. Akajaribu kuifinya ngozi, haikufinyika. "Hiki ndicho nilichokwenda kupimwa," nikamwambia.

Akakaa juu ya robota la mitumba, ameinamisha kichwa. "Na siku zote hizi unatuambia sabuni?"

Kipimo cha pili alinipeleka mwenyewe. Ngozi haikuwa imepungua, ila haikuongezeka pia, daktari akasema hiyo ni habari njema, nami nikaipokea hivyo hivyo. Lakini nimejiapiza: nikichoka, nitasema nimechoka. Kuitikia jambo nisilolielewa ili tu niachwe nipumzike, basi, sirudii, maana siku ile ndiyo sikupumzika kabisa.