Mwenye Kazi ya Kusamehe

Katika kila filamu ya ubaguzi inayorekodiwa studioni kwetu, mzee huyu mwigizaji ndiye mweusi anayesamehe. Mimi humpaka vipodozi. Yeye hukunja kitambaa chake, akakiweka gotini, akafumba macho kabla sijamwambia. Kisha huenda kutukanwa na nyota wa kizungu mbele ya kamera mpaka nyota huyo alie, abadilike, amkumbatie, na watazamaji warudi makwao roho kwatu, eti dhuluma imekwisha. Leo mwongozaji alimwambia, “Mzee wangu, turudie. Msamehe kwa moyo mweupe.” Mzee akafuta mate ya mtukanaji shavuni kwa kile kitambaa, taratibu, akauliza, “Mwanangu, tangu asubuhi namsamehe. Yeye ataniomba msamaha saa ngapi?” Mwongozaji akatutazama sote. Hakuna aliyekuwa ameiandika sehemu hiyo.