Osha Miguu, Katuni Inaanza

Mtaa wa Mbotela, Nairobi, nilikokulia, nyumba yenye TV kwa laini yetu ilikuwa moja tu. Mwenyewe alikuwa mke wa mtu wa reli, mama mnene wa kutoka Kakamega, na TV yake ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye milango, juu yake kitambaa cha kufuma. Jumapili tukitoka kanisa tulijazana mlangoni kwake. Hakuuliza sisi ni watoto wa nani. Aliangalia chini tu, akasema, "Miguu."

Basi mbio hadi mferejini, tunasugua visigino na jiwe, tunarudi tukidondosha maji. Mwenye vumbi alibaki nje akichungulia dirishani. Mimi nilichungulia sana.

Siku niliyopita ukaguzi, nilikaa chini kwa simiti, mbele kabisa. Mwenye TV akafungua milango ya kabati polepole, na hapo ndipo nikaona katuni ya kwanza maishani mwangu. Ilikuwa ya hadithi za Neno la Mungu. Kijana mchungaji na kombeo lake, mbele ya jitu. Lakini macho yake, jamani. Makubwa, yamejaa maji, yanang'aa kama kuna taa imewashwa ndani. Nywele zinapepea hata kama hakuna upepo. Hiyo hadithi nilikuwa nimeisikia kanisani mara nyingi nikisinzia. Siku hiyo niliogopa kweli jitu litashinda.

Mwishoni yakapita maandishi ya ajabu, vijiti vijiti vimebebana. Msichana wa nyumba ya kona, mkubwa wetu na mjuaji, akatuambia, "Hicho ni Kiebrania. Ndicho Mungu huandikia." Tukaamini. Akachukua makaa, akanakili alichokumbuka kwa ukuta wa nyuma ya vyoo, na tangu hapo kila tukienda haja tulipita kimya, tumeinamisha vichwa.

Sasa mimi ni mama, na binti yangu wa kidato cha tatu anachora. Juzi tu nilimhadithia hiyo katuni, akaitafuta kwa simu mpaka akaipata. Alicheka akakaa chini.

"Mathe, hii ni anime. Kumbe wewe ni fan kuniliko."

"Anime gani? Hiyo ni ya kanisa."

"Ni ya kanisa, na ni anime. Imechorwa Japani."

"Na Kiebrania?"

"Ni Kijapani, mathe."

 Nikaomba tuirudie toka mwanzo.

Wazee wa kanisa walikuwa wamempa binti yangu ukuta wa Sunday school auchore, ukuta wa unyevu na rangi ya kubambuka. Rangi mpya ilishanunuliwa. Alikuwa anajaribu kwa karatasi kwanza, na karatasi alizibandika sebuleni kwangu. Ndipo fellowship ya nyumba kwa nyumba ikafika zamu yetu.

Mwenyekiti wa akina mama ni yule yule msichana wa nyumba ya kona. Hakumaliza chai. Alisimama mbele ya mchoro wa kijana na kombeo.

"Haya macho si ya mtu," akasema. "Ni zile katuni za Japani. Ziko na mapepo. Dada, huyu mtoto asiguse ukuta wa Mungu. Toa hizi tuziombee, tuzichome."

"Na nywele ka za jini," akaongeza mama mmoja wa Dandora.

Binti yangu alikuwa ameshika thermos. Akaninong'oneza, "Mum, wakikataa, rangi inarudishwa dukani."

Nikasimama. "Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mwenyekiti, kabla hatujaomba, kaa hapa kando yangu uone kitu."

Nikaweka simu katikati. Muziki ulipoanza tu, mguu wake ukaanza kupiga sakafu wenyewe. Halafu akashika mdomo.

"Huyu si kijana wetu wa kombeo?"

"Ndiye."

"Tuliyekuwa tunamwoshea miguu?"

"Huyo huyo. Ngoja mwisho, uone Kiebrania chako."

Maandishi yakapita. Binti yangu akasema kwa upole, "Auntie, hicho ni Kijapani. Hii ndiyo anime."

 Nikawaeleza wengine ukuta wa nyuma ya vyoo. Mama wa Dandora akasema, "Kumbe mwenyekiti aliinamisha watu chooni," na kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Jogoo Road. Mwenyekiti mwenyewe alicheka akajipangusa na leso.

Mimi sikukaa. Masomo nilimalizia ngumbaru, darasa la watu wazima, jioni, nikitoka kuuza vitambaa Makadara, kuhubiri sijui. Nikasema tu nilichojua. "Huyo Mungu nilimwamini kupitia hayo macho. Kama hapo kuna pepo, basi lilinipeleka kanisani na halijanirudisha. Karatasi hazitoki. Ukuta utachorwa."

Mwenyekiti akarudi kwa mchoro, akaukazia macho muda mrefu.

"Jitu ni fupi," akamwambia binti yangu. "Ongeza urefu. Lilikuwa linafika juu kabisa."

Jumapili ya kuzindua ukuta, harufu ya rangi ilikuwa bado mpya. Jitu lilifika darini, na kijana alikuwa na macho ambayo mtu angeyaona akiwa barabarani. Watoto walisukumana mlangoni kuingia. Walimkuta mwenyekiti amesimama hapo, beseni la maji mbele yake. Aliangalia chini tu.

"Miguu," akasema.